Kiti cha Kando ya Mama

Watu wa kwetu husema mimi sina dogo, na sikatai. Ukinikanyaga nitakuambia umenikanyaga, hata kama ni mbele ya mchungaji. Lakini hili la mama nililinyamazia miaka mingi, kwa sababu lilikuwa kubwa, na jambo kubwa ukilisema vibaya unaonekana wewe ndiye mwenye roho mbaya. Sasa mama amepumzika, na sisi tuliobaki ni watu wazima. Nalisema.

Nilikuwa nauza mapazia. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye senti mbili Arusha alikuwa anajenga, na kila aliyepiga bati alitaka dirishani kwake kuning'inie kitu kinachong'aa. Sisi tulikulia kwenye foleni za sabuni na nguo za mgawo. Tulipoambiwa ruksa, leteni mnachoweza, tulileta. Duka langu lilikuwa chumba kimoja karibu na soko kuu, mlango wa chuma, na mzigo wangu ulitoka Dubai. Nilianza kwa kwenda mara moja kwa mwaka. Biashara ilipochanganya nikawa nakwenda kila nikipata upenyo, narudi na marobota yaliyokazwa kamba hadi vidole vinakufa ganzi.

Akina mama wenzangu tuliosafiri pamoja walikata tiketi ya ndege yoyote iliyokuwa rahisi. Na mimi hivyo hivyo, mpaka siku dada wa tiketi, aliyekuwa na ofisi ndogo ya wakala pale mjini, aliponiuliza kama nina kadi ya msafiri. Kadi ya nini tena? Akanieleza taratibu kwamba shirika lile, ukisafiri nalo, linakuhesabia maili ulizoruka. Maili zinakuwa pointi. Pointi zikijaa unapewa tiketi, unalipa kodi zake tu.

Nikacheka. Mimi ni Mchaga, cha bure nakiogopa kuliko cha wizi.

"Haba na haba, dada," akasema. "Wewe si unasafiri kila siku? Mbona unaziacha zinapotea?"

Nikamwuliza, kwa mzaha tu, pointi za kufika Ujerumani na kurudi ni ngapi. Akaniuliza kiti cha nyuma au cha mbele. Nikasema tofauti yake nini. Akasema cha mbele kinalala, miguu inanyooka, na chakula unaletewa kwenye sahani ya udongo. Hapo mzaha ukaisha. Nilifikiria goti la mama.

Mama alikuwa anakaa Tengeru, kwenye shamba ambalo baba alilinunua alipotoka Kilimanjaro akiwa kijana. Baba alipanda migomba, akazungushia mimea ya masale mpakani kama kwao, akajenga, akafa. Goti la kulia la mama lilikuwa halikunji tangu alipoteleza kwenye mfereji wa kumwagilia. Akikaa, mguu ulibaki umenyooka mbele yake na watu wakauruka. Dada yangu mkubwa alikuwa nesi Ujerumani, ameolewa huko, amezaa huko, na kila mwaka alisema atakuja mwakani. Mama alikuwa na mjukuu anayemjua kwa picha tu. Kiti cha nyuma cha ndege, ambapo magoti yako yanagusa mgongo wa mwenzako, mama asingeweza. Angefika na mguu umevimba kama mgomba.

Basi nikapanga viti viwili vya mbele. Kimoja cha mama, na cha kando yake changu.

Na hapa niseme ukweli wa kile nilichotaka, usije ukadhani mimi ni malaika. Ulaya sikuitamani. Nilitamani ile safari yenyewe, saa zile zote hewani. Mama yangu sikuwahi kumpata. Nikiwa mdogo alikuwa na mdogo wangu mgongoni na mimi niko nyuma na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikiwa mkubwa, ukienda kumsalimia, hamjamaliza shikamoo na marahaba ameshainuka: kuna kuku, kuna mgeni, kuna chungu jikoni, kuna kikundi cha akina mama wa kanisa. Hata mguu ulipokataa kukunja alikuwa anainuka. Nikajisemea, ndani ya ndege ataenda wapi? Hakuna jiko. Hakuna ng'ombe. Atakaa kando yangu, atachoka kutazama mawingu, ataongea. Nilitaka kumsikia mama akiongea na mimi peke yangu, mara moja tu, kabla hajafa. Ndiyo hiyo tu.

Nikazifuga zile pointi. Nilijifunza mambo yake kuliko nilivyojifunza hesabu shuleni. Pointi zina umri, zikikaa sana zinakufa, kwa hiyo lazima ujue zipi zimezaliwa lini. Usisafiri Desemba, viti vya pointi vinakuwa adimu. Usisafiri wazungu wanapofunga shule. Kodi ya tiketi iweke pembeni mapema, usije ukaigusa kununulia mzigo. Omba kiti cha magurudumu siku ile ile unapokata tiketi, si uwanjani. Chagua ndege inayokaa njiani muda mfupi, au ile inayokaa mrefu mpaka shirika linawapa hoteli, ila hii ya katikati ikimbie, itamlaza mama kwenye benchi. Malazi yalikuwa kwa dada. Koti zito nilimtafutia mama siku ya soko pale Tengeru, kwenye mitumba, la sufu, limetoka huko huko tunakokwenda. Nilikuwa nalipia intaneti mtaani nusu saa, naangalia tu pointi zangu, nafunga, narudi dukani nimefurahi.

Wenzangu waliniita mama pointi. Wao walipanda ndege ya asubuhi kwa bei poa, mimi nikabaki uwanjani nimekalia begi hadi jioni nikiingoja ile yangu. Safari moja mgongo uliniuma mpaka machozi, na msichana wa mezani akaniambia nina pointi za kutosha kuhamia mbele. Nikamwambia asante mwanangu, hizo zina mwenyewe. Nikaenda nyuma, nikabanwa katikati ya wanaume wawili wenye mabega.

Sasa mdogo wangu. Ni kitindamimba, na ndiye mwanamume pekee. Kwetu nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, kwa hiyo alibaki Tengeru na mama. Mcheshi huyo, ukikaa naye dakika mbili utampenda, na ukikaa naye mwezi utamlipia madeni. Alifuga kuku wakafa. Alinunua pikapu ikafa. Mimi nilimpenda sana. Suti yake ya kwanza nzuri nilimletea mimi kutoka Dubai.

Pointi zilipokaribia kujaa, dada yangu wa Ujerumani akasema ataandika barua za mwaliko, maana bila mwaliko ubalozini hupati viza. Ya mama ilifika. Nikauliza yangu. "Imechelewa posta," dada akasema kwenye simu. "Itafika." Mimi nilikuwa naondoka kwenda Dubai wiki ile, kwenye ile safari ambayo ingejaza pointi za mwisho. Mdogo wangu akajitolea. "Dada, wewe nenda kwenye biashara yako. Mama nitampeleka mimi Dar, ubalozini. Utakaporudi barua yako itakuwa imefika, utaenda mwenyewe." Nikambariki. Nikampa nauli ya basi la asubuhi, la viti vipana, na pesa ya gesti nzuri, mama asipande ngazi. Dubai nilikuwa nawahadithia hata wauza vitambaa: mdogo wangu ananisaidia.

Niliporudi, viza ya mama ilikuwa imetoka. Mama akataka tuombewe kanisani Jumapili. Kwetu Walutheri, anayekwenda safari kubwa huitwa mbele, anawekewa mikono, anatoa sadaka ya safari. Nikasema mama, tiketi hatujakata na viza yangu bado. Akasema maombi hayangoji tiketi. Nikaona sawa, tena ni baraka ya mapema. Nikashona kitenge.

Kanisa lilijaa. Mzee wa kanisa akasoma matangazo, mchungaji akasema wasafiri wapite mbele. Mama akainuka na fimbo yake. Nikainuka. Upande wa wanaume mdogo wangu naye akainuka, amevaa ile suti, nikadhani anakuja kumshika mama mkono. Nikasema moyoni, kijana ana adabu. Nilikuwa nimefika katikati ya njia ya viti mchungaji alipotazama karatasi yake.

"Tumwombee mama yetu," akasema, "pamoja na kijana wake, kitindamimba wake, wanaosafiri kwenda Ujerumani kumwona binti yetu."

Nilidhani amekosea. Haki ya Mungu, nilikuwa natabasamu, nangoja mama amsahihishe. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee wa kanisa akanisogelea, akaninong'oneza kwa upole, "Mama, wanapita wasafiri tu. Familia watasimama pale pale walipo." Nikasimama pale pale, katikati ya kanisa, na kitenge changu kipya, watu mbele na nyuma. Mchungaji akaweka mkono mmoja kwenye kilemba cha mama na mmoja kwenye kichwa cha mdogo wangu. Akaomba, akaomba. Kanisa likasema Amina, na mimi nikasema Amina. Ungefanya nini?

Nje palikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo amefungwa miguu. Nikamkuta mama amekalishwa kwenye kiti pembeni, mguu umenyooka.

"Mama, nimesikia vibaya?"

"Hujasikia vibaya."

"Barua yangu iko wapi?"

Akatazama goti lake. Ndipo nikaelewa. Barua yangu haikuchelewa posta. Haikuandikwa. Dada alikuwa ameandika mbili tangu mwanzo, moja ya mama na moja ya mdogo wetu, na siku ile nilipowapa nauli ya kwenda Dar walikuwa wanakwenda wote wawili kuomba viza. Wote walijua. Mchungaji alijua. Aliyekuwa hajui ni yule tu mwenye pointi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kilikuwa kimevaa nguo niliyoinunua mimi.

"Mwanangu, sikiliza," mama akasema. "Nikienda na wewe watu watasema sina mtoto wa kiume. Watasema nimepelekwa Ulaya na mwanamke aliyeolewa, na mwenye nyumba amekaa anachunga ng'ombe. Wataanza kumdharau."

"Lakini anayekupeleka ni mimi!"

"Ni wewe, na Mungu anakuona. Wewe unajiweza. Wewe unapanda ndege kama watu wanavyopanda mlima huu kutafuta kuni. Utakwenda siku yoyote. Yeye atakwenda lini?" Halafu akasema lile lililobaki. "Wewe una kwako, mama. Yeye ndiye atakayenizika."

Ananiita mama, kwa upendo kabisa, huku ananiambia si wa kwake. Mdogo wangu akaja na jogoo aliyemnunua mnadani kwa mbwembwe, anacheka. "Dada, twende nyumbani tumchinje." Nikamwambia amchinje mwenyewe na amle mpaka mifupa. Nikamgeukia mama, nikasema kwa sauti, watu wa mnada wakageuka, kwamba pointi ni zangu, zina jina langu, na tiketi haitoki. Nikaondoka bila kunywa hata chai.

Nilikaa kwangu Sokon One, pale pale Arusha, nikiwa nimevimba kwa hasira. Dada akapiga simu kutoka Ujerumani, akasema nisimwadhibu mama kwa jambo dogo, ni kiti tu. Nikamwuliza, kama ni kiti tu, kwa nini mlinificha? Akaanza kulia. Nikamwacha alie, simu anailipia yeye. Mume wangu akasema niwaachie, nitapata amani. Nikamwambia amani yake na aiweke mfukoni. Nilikuwa nimeamua. Pointi zife. Zizeeke zife zote kwenye ile kompyuta yao, hakuna mtu atakayeruka.

Jumamosi moja wakaja. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, mzee wa watu anayeheshimika, na nyuma yake mdogo wangu ametazama chini. Nikaamkia shikamoo, nikawapa viti, nikaenda jikoni kupasha mtori wa ndizi. Niliporudi baba mdogo alikuwa amesimama. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

Nieleze kwa wasiojua. Kwetu mtu aliyekukosea, hata kama amekuulia ndugu, akikuletea isale lililofungwa hivyo, umekwisha. Hukatai. Kuna waliokataa, na tulikua tukionyeshwa nyumba zao zilizobaki tupu. Mimi ni mtu wa kanisa, nimebatizwa na kubarikiwa, lakini jani lile lilipotoka kwenye koti nilirudi nyuma hadi mlangoni.

"Limetoka mkononi mwa mama yako," baba mdogo akasema. "Amelichuma mwenyewe mpakani, na mguu ule."

"Baba mdogo," nikasema, "isale ni la kuomba msamaha. Mnaniomba msamaha?"

"Tunakuomba."

"Basi mkiomba msamaha, mrudishe mlichochukua. Isale si la kuombea tiketi!"

Mzee akalitazama lile jani. Alijua. Niliona anajua, na aliona haya, lakini mkono wake haukushuka. "Mwanangu," akasema, "maombi yameshafanyika mbele ya watu. Mama yako asipokwenda sasa ataweka wapi uso wake? Na kwenda peke yake hawezi. Mimi sijaja kukuambia una makosa. Nimekuja na jani."

Nikamtazama mdogo wangu nikingoja aseme neno. Neno moja tu, dada nakushukuru, dada nimekosa, hata dada umenenepa. Hakusema. Nikalipokea. Mtori haukunywewa.

Jumatatu nikaenda kwa dada wa tiketi. Alinipokea kwa shangwe, akapiga simu kwa shirika, akaniuliza tunaandika majina gani. Nikamtajia la mama. Kisha nikamtajia la mdogo wangu. Akainua kalamu.

"Dada, si ulisema…"

"Andika."

Aliandika. Alikuwa binti mwerevu, hakuuliza. Baadaye akasema polepole, "Huyu wa pili tunaweza kumweka nyuma. Pointi zitakazobaki zitakutosha na wewe siku nyingine." Nilifikiria. Niliiona kabisa ile sura yake amebanwa na mabega ya watu, suti imekunjamana, na roho yangu ikachangamka. Kisha nikamwona mama kule mbele, kando ya mtu asiyemjua, hajui kitufe cha kunyoosha mguu, anaogopa kuomba kwenda chooni. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini mama si punda.

"Wakae pamoja," nikasema. Pointi zote zikaisha.

Uwanjani Kilimanjaro mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa lile koti la sufu jua likiwaka. Akanishika mkono, akasema Mungu atanilipa. Nikasema amina mama, safari njema. Nililia kwenye gari hadi Usa River.

Waliporudi, sebule ya Tengeru ilijaa majirani. Mimi nilikuwa nagawa chai. Mama alikuwa amenawiri, anasimulia kwa mikono. Kiti kinakuwa kitanda! Unabonyeza hapa, mguu unapanda wenyewe. Wanakupa na soksi. "Kijana wangu amenipeleka Ulaya," akasema, na majirani wakapiga vigelegele, na mdogo wangu akapunga mkono kama mbunge. Nikamimina chai.

Kisha mama akaniambia, kwa furaha tu, bila ubaya wowote, "Usingizi ulikataa kuja. Usiku wote nikamsimulia mdogo wako. Nilimsimulia tangu usichana wangu, habari za mama yangu, jinsi baba yenu alivyokuja kuniposa na viatu vya kuazima. Mpaka yule mtoto wa kwanza, kabla yenu. Sijawahi kumsimulia mtu. Sijui ni ile hewa ya huko juu."

Birika likanibaki mkononi. Mtoto wa kwanza? Sisi tuko watatu. Dada, mimi, mdogo wetu. Wa kwanza ni dada.

Majirani walipoondoka nikamfuata chumbani. "Mama, mtoto gani?"

Akavua kilemba polepole. "Muulize mdogo wako. Nimemwambia yote. Mambo hayo hayasemwi mara mbili, mama, yanachosha."

Nimwulize yeye? Nikaombe kwake habari za mama yangu, kama mtu anayeomba kumaliziwa sahani? Thubutu! Nilijiambia ataniambia mwenyewe, siku yoyote. Nikaendelea na mapazia. Niliuza, nikapanua duka, nikabadilisha shirika la ndege. Kila nilipokwenda Tengeru mama alikuwa anainuka: kuna kuku, kuna mgeni. Halafu kiharusi kikamchukua, kikaanza na ulimi. Miezi yake ya mwisho alinishika mkono na kunitazama, na hakuweza kusema hata marahaba.

Tulipofiwa, kila mtu alipewa kazi yake. Wengine jeneza, wengine maturubai. Wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya mahubiri, nikaambiwa niandike mimi, kwa kuwa mimi najiweza. Dada alikuwa bado yuko hewani anakuja. Baba mdogo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nikakaa nyuma ya nyumba na karatasi. Amezaliwa Kilimanjaro. Alisoma wapi? Mama yake alikuwa nani, alikufa lini? Nilikuwa sijui. Nikafuta machozi, nikaweka kiburi changu chini, nikamwita mdogo wangu.

"Kule ndegeni," nikamwambia. "Mama alikusimulia maisha yake. Niambie nimwandike. Na mtoto wa kwanza, alikuwa nani? Jina lake nani?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Hakuwa anaficha. Kwa mara ya kwanza katika jambo lile lote hakuwa anaficha.

"Mtoto gani?" akasema. "Dada, mimi nililala. Kile kiti ni kitanda kabisa. Nilimsikia anaongea ongea pale mwanzoni, nikavaa vile vya masikioni nikaangalia picha, kisha nikalala mpaka wakaleta chai." Akakuna kichwa. "Alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia aende akaangalie maturubai.

Wasifu ulisomwa kwa muda mfupi sana, watu walikuwa bado wanatafuta pa kukaa. Niliandika kwamba alipata neema ya kusafiri Ulaya, akisindikizwa na mwanawe wa kiume. Na ule mstari wa alijaliwa watoto wangapi, nilikaa nao muda mrefu, mpiga chapa akatuma mtu kunihimiza, waombolezaji walikuwa wameshaanza kuimba. Nikaandika watatu.